Ofisi iliyonishughulikia makaratasi ya ndoa hapa Lowell: nyota nne

Naandika kuhusu ofisi ndogo ya msaada wa uhamiaji hapa Lowell, Massachusetts, iliyonishika mkono tangu Novemba 2023 mpaka nikapata kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu, Februari 2025. Jina silitaji. Nina lawama moja nzito juu yao na sitaki iwaharibie kazi, maana kazi yenyewe wanaifanya kwa moyo. Lakini nataka mtu mwenye hali kama yangu ajue huduma nzuri inafananaje, na ajue pia wapi pa kuwasukuma.

Hali yangu ilikuwa hivi. Niliingia Marekani Julai 2018 kwa viza ya matembezi, nikitokea Mombasa. Viza iliyogongwa kwenye pasipoti ilikuwa ya miaka 5, nami kwa kutojua nikadhani nina miaka 5 ya kukaa. Kumbe tarehe inayohesabika ni ile ya rekodi ya kuingia, I-94, na yangu ilisema Januari 2019. Baada ya hapo kila siku niliyolala hapa ilikuwa ya kupitiliza. Nilikuwa nikilea wazee majumbani kwao, nikilipwa taslimu, nikitembea kwa uoga. Hata polisi wa kuongoza magari akisimama barabarani nilikuwa nabadilisha njia.

Oktoba 2023 nikaolewa. Mume wangu ni Mkongo wa Kindu, aliletwa hapa kama mkimbizi na alishapata uraia. Kiswahili chake na changu kila siku vinagombana, yeye husema "batu", mimi husema "watu", na binti yake wa miaka minane ndiye hakimu wetu. Nikaha tulifungiwa na imamu, lakini kwanza tulikwenda kwa karani wa jiji kuandikisha nia ya kuoana na kungoja zile siku 3 za sheria ya Massachusetts. Nalitaja hili kwa sababu nimewaona watu wana nikaha ya msikitini peke yake, bila cheti cha serikali, wakajikuta hawana cha kupeleka.

Kabla ya ofisi hii nilishapoteza hela kwingine. Kulikuwa na kaka mmoja anayewajazia watu fomu sebuleni kwake. Alichukua dola 900 zangu. Akanikalisha, akanipa chai, akaniambia kwa upole kabisa: "Dada, wewe umeshapitiliza, hapa ndani hupati kitu. Rudi nyumbani, mumeo akuite kupitia ubalozi wa Nairobi. Hiyo ndiyo njia safi." Nilimwamini. Nikaanza kuulizia bei ya tikiti, nikamwambia mama anitayarishie chumba.

Aliyeniokoa ni mwanamke mwenzangu msikitini, aliyesema nisikate tikiti kabla sijamwona mtu mwingine. Ndipo nikapanda ngazi za ofisi hii.

Aliyenipokea ni mama wa makamo, Kiswahili chake cha bara, mpole wa sauti. Si wakili. Ni mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani, na cheti chake kimetundikwa ukutani. Alinieleza tangu mwanzo kwamba katika nchi hii wanaoruhusiwa kutoa ushauri wa sheria ya uhamiaji ni mawakili na wawakilishi wa aina yake walio chini ya mashirika yanayotambuliwa, na kwamba orodha yao Wizara huiweka wazi kwenye tovuti yake. Alinigeuzia skrini nikaliona jina lake kwa macho yangu. Hakuna mtu aliyewahi kunionyesha hivyo.

Nilipomsimulia habari ya kurudi Nairobi aliweka kalamu chini. "Mdogo wangu, umepitiliza miaka mingapi?" Nikamwambia, karibu mitano. Akachukua karatasi akanichorea mstari. Sheria ya mwaka 1996 inasema ukipitiliza zaidi ya siku 180 kisha ukatoka mwenyewe, unafungiwa kurudi kwa miaka 3. Ukifikisha mwaka mmoja au zaidi kisha ukatoka, unafungiwa miaka 10. Adhabu haikushiki ukiwa ndani. Inakushika pale unapovuka mlango wa kutoka. "Ungepanda ile ndege," akasema, "mumeo angekuita, na ubalozi ungekwambia usubiri mpaka 2033, labda uombe msamaha ambao si rahisi kuupata."

Nililia pale pale kwenye kiti. Dola 900 sikuzikumbuka tena. Nilikuwa nafikiria chumba alichokwisha kukipaka rangi mama yangu.

Kisha akanieleza upande wa pili, ambao yule kaka hakuujua au hakujali kuujua. Mume au mke wa raia wa Marekani huhesabiwa jamaa wa karibu kabisa, na kwa jamaa huyo sheria inasamehe mambo mawili: kupitiliza muda na kufanya kazi bila kibali. Sharti ni kwamba uwe uliingia kwa kupitia mlangoni, afisa akakuona na kukuruhusu. Mimi niliingia hivyo, kupitia uwanja wa ndege wa JFK, New York, na rekodi ya I-94 ilithibitisha. Kwa hiyo ningeweza kuomba kadi nikiwa hapa hapa, bila kutoka.

Sasa hapa ndipo ninapowapa sifa kubwa. Hakufungua daftari la malipo. Alianza kuniuliza maswali mabaya.

Je, mume ni raia au ana kadi ya kijani tu? Kama ni kadi tu, ule msamaha haunihusu, na kupitiliza kwangu kungenifungia mlango mpaka yeye apate uraia. Uliingia kama baharia? Hilo lilinigusa, maana kwetu Mombasa vijana wangapi wameshuka meli na kubaki. Akasema aliyeingia kwa viza ya mabaharia hapiti njia hii hata akiwa na ndoa ya kweli na watoto watano. Umewahi kutoka na kuingia tena? Umewahi kukamatwa? Umewahi kuandikiwa amri ya kufukuzwa? Aliuliza taratibu, akangoja jibu la kila moja.

Halafu akafungua droo, akatoa karatasi moja, akaiweka mbele yangu. "Hii umewahi kuiona?"

Ilikuwa fomu I-9, ile ambayo mwajiri humpa mfanyakazi siku ya kwanza. Mikono ikanitoka jasho. Niliijua. Mwaka 2019 nilikwenda kuomba kazi katika ghala la kupakia vyakula, msimamizi akanipa fomu hiyo hiyo na kalamu. Kwenye sehemu ya mfanyakazi kuna visanduku, na cha kwanza kinasema wewe ni raia wa Marekani. Dada aliyekaa kando yangu alininong'oneza, "Weka alama hapo, kila mtu anaweka." Niliitazama ile karatasi muda mrefu. Sikuwa na elimu ya sheria, lakini kusema mimi ni raia wa nchi ambayo si yangu kulinikaa vibaya rohoni. Nikaikunja mara mbili, nikamrudishia msimamizi tupu, nikatoka nje nikangoja basi kwenye baridi.

Nilimwambia yote hayo. Akaniuliza mara tatu, kwa maneno tofauti, kama kweli sikutia alama wala sahihi. Nilipomaliza akashusha pumzi. Akasema anayejidai raia ili apate kazi, huo mlango wa ndoa humfungia karibu moja kwa moja, na mume raia hasaidii kitu. Yeye ameshawarudisha watu nyumbani kwa ajili ya kisanduku hicho, wakiwa na hela mkononi, kwa sababu kupeleka ombi lao serikalini kungekuwa kujipeleka wenyewe.

Alipomaliza maswali ndipo akataja ada yao: dola 650 kwa kazi yote, na naweza kulipa kwa awamu tatu. Kwa kazi niliyoiona, ni bei ya huruma.

Sasa lawama.

Mzigo wa karatasi ni mkubwa. Kuna I-130 ya mume kuthibitisha ndoa, I-485 yangu ya kuomba ukaazi, I-864 ya udhamini, I-765 ya kibali cha kazi, I-693 ya daktari. Wao walinipa orodha ya vitu vya kuleta, nami nilivileta vyote ifikapo mwisho wa Januari 2024: vyeti vya kuzaliwa, picha, mkataba wa nyumba wenye majina yetu mawili, bima ya gari, akaunti ya benki ya pamoja, kodi za mapato za mume. Orodha haikutaja talaka ya mume wangu kwa undani. Ilisema tu "hati ya talaka".

Mume alikuwa na karatasi ya mahakama, akaileta. Ofisi ikaipokea na kuiweka kwenye faili. Wiki ya tatu ya Machi ndipo mtu alipoisoma. Ilikuwa hukumu ya awali. Massachusetts, hakimu akishatoa hukumu ya talaka, bado hupita siku 90 kabla ya talaka kuwa kamili, na karatasi inayotakiwa ni ile inayoonyesha kwamba imekamilika. Talaka yenyewe ilikamilika miaka mingi kabla ya nikaha yetu, hakukuwa na tatizo lolote la ndoa. Kilichokosekana ni cheti tu. Lakini kukipata kutoka mahakama ya familia kulichukua wiki kadhaa, na faili letu likangoja.

Tarehe 1 Aprili 2024 ada za serikali zikapanda. Hilo lilikuwa limetangazwa tangu Januari, na ofisi ilijua. Kabla ya tarehe hiyo tungelipa dola 535 za I-130 na 1,225 za I-485, na ndani ya hizo kibali cha kazi na ruhusa ya kusafiri vilikuwa bure. Baada ya tarehe hiyo tukalipa 675, na 1,440, na 260 za kibali cha kazi. Hundi tatu, jumla dola 2,375. Tofauti ni dola 615, karibu sawa na ada yao yote. Na ruhusa ya kusafiri, fomu I-131, ikawa dola 630 peke yake. Yule mama alituuliza kama tunaitaka. Hatukuwa nazo. Tukaiacha.

Nilipeleka ombi tarehe 9 Mei. Juni nikaitwa kuchukuliwa alama za vidole. Agosti nyanya yangu akafa.

Nyanya ndiye aliyenilea Kisauni mpaka nikamaliza shule. Simu ilikuja usiku. Sisi hatucheleweshi maiti, kwa hiyo mpaka mimi naamka kutoka kitini alikuwa ameshazikwa. Lakini nilitaka kufika kwenye matanga, nikae na mama, nisome naye. Asubuhi nilikwenda ofisini bila miadi. Yule mama alifunga mlango, akaniambia ukweli bila kuupamba: nikitoka bila ruhusa, ombi langu linahesabika nimelitupa, na ile miaka 10 inanishika. Alisema yuko tayari kuniandikia ombi la dharura siku hiyo hiyo, lakini lina ada yake, na hata likikubaliwa, uamuzi wa kuniingiza tena ungekuwa wa afisa wa uwanja wa ndege. Akaniachia nichague. Nikabaki.

Kama faili lingeingia Machi, ruhusa ile ningeiomba bila malipo. Je, ingekuwa imefika kufikia Agosti? Hakuna awezaye kuniambia. Lakini ningekuwa nimeomba. Hilo ndilo lililoondoa nyota ya tano, na nilimwambia ana kwa ana. Hakujitetea. Alisema, "Ni kosa letu, binti yangu, karatasi ilikaa mbele yetu wiki saba bila kusomwa." Niliporudi ofisini mara iliyofuata, orodha ya kuleta ilikuwa imeshabadilishwa. Kwenye mstari wa talaka sasa wameandika kwa herufi nzito: iliyokamilika, yenye muhuri wa mahakama.

Mengine yalikwenda vizuri, nayapitia haraka. Udhamini: familia ya watu watatu kwa mwaka 2024 ilitakiwa kuonyesha mapato ya dola 32,275, yaani asilimia 125 ya kiwango cha umaskini, na mume alikuwa juu ya hapo kwa kazi yake ya usiku kiwandani. Asiyefikisha anaweza kutafuta mdhamini mwenza. Daktari lazima awe aliyeidhinishwa na uhamiaji. Aliniangalia kifua kikuu kwa kipimo cha damu, akanikamilishia chanjo, akanipa bahasha iliyofungwa ambayo hutakiwi kuifungua hata kwa bahati mbaya. Sisi tuliiweka pamoja na ombi, na kuanzia 2 Desemba 2024 hilo si hiari tena, usipoiweka ombi linaweza kurudishwa. Kibali cha kazi kilifika Septemba. Siku hiyo nilimpikia kila mtu pilau, na Jumatatu yake nikaanza kutafuta masomo ya uuguzi msaidizi.

Mahojiano yalikuwa Februari 2025, ofisi ya uhamiaji ya Lawrence. Wiki moja kabla, yule mama alituita tukafanya mazoezi. Hakutukaririsha majibu. Alitukataza kabisa kukariri. Alisema wanandoa wa kweli husahau vitu, na asiyejua aseme sijui. Alimwuliza mume wangu rangi ya mswaki wangu, hakujua, tukacheka. Alimwuliza ni nani humwamsha binti asubuhi, akajibu kabla swali halijaisha.

Alikuja nasi siku yenyewe, akakaa kando yangu. Tuliinua mkono wa kulia tukaapa. Afisa aliuliza tulikutana wapi, nani alikuwepo siku ya ndoa, binti anasoma shule gani. Akafungua faili, akasoma, akaniangalia. "Ulitakiwa kuondoka Januari 2019?" Nikajibu ndiyo. "Hukuondoka?" Nikajibu, hapana, sikuondoka. Akaandika kitu, akageuza ukurasa. Miaka mitano ya kubadilisha njia nikimwona polisi, na ikaishia kwenye ukurasa uliogeuzwa. Yule mama alinigusa kiwiko chini ya meza.

Swali la kama nimewahi kujidai raia lilikuja pia. Nilijibu hapana kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Kabla ya mwezi kwisha kadi ikafika kwa posta. Ni ya miaka 2, yenye masharti, kwa kuwa siku ya kukubaliwa ndoa yetu ilikuwa haijatimiza miaka 2. Katika siku 90 za mwisho kabla haijaisha, mimi na mume inabidi tupeleke I-751 kuondoa masharti, na ushahidi mpya wa maisha ya pamoja. Kwetu hiyo ni kuanzia Novemba 2026. Nitarudi kwao. Nimeshaweka sanduku la viatu chini ya kitanda, kila bili yenye majina yetu mawili inaingia humo, na binti ameandika juu yake kwa kalamu ya rangi "Karatasi za Mama".

Kwa anayetaka kwenda: fika mapema, maana Jumanne na Alhamisi ndizo siku za kuonana nao bila miadi na foleni huanza kabla hawajafungua. Nenda na pasipoti ya zamani hata kama imeisha muda. Chapisha I-94 yako kutoka tovuti ya forodha kabla ya kwenda, maana wao hutumia nusu saa ya kwanza kuitafuta. Waambie mambo yako yote, hata yale ya aibu. Na ushike ahadi zao kwa tarehe: uliza faili langu litasomwa na nani, lini, na siku hiyo ikifika piga simu. Mimi sikupiga. Nilidhani kuwasumbua ni kukosa adabu.

Na ujue kwamba ombi likiwa mezani bado hujawa na hadhi ya kisheria, unangoja tu kwa ruhusa. Yule mama alilirudia hilo kila nilipokwenda, mpaka nikalichoka, na sasa namshukuru.

Mwezi uliopita nilimpeleka mdogo wa yule mwanamke wa msikitini. Ameolewa na raia, amepitiliza miaka 3, ana tikiti ya Nairobi aliyoambiwa akate na mtu yule yule wa sebuleni. Nilimwona yule mama akiweka kalamu chini, akavuta karatasi, akaanza kuchora mstari.